Maji ya Nakuru Huchemka Mapema

Swichi ya pili ya kuwashia feni ya pikipiki yangu, mpya kabisa, nayo ilipokaa ndani ya maji yanayotokota kwa dakika kumi bila mita yangu ya umeme, ambayo hulia umeme ukipata njia, kutoa hata mlio mmoja, nilizima meko, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba yetu huku Lanet, pembeni mwa Nakuru, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu nikaanza kukitilia shaka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa, nacho ni sufuria yenyewe.

Pikipiki ninayoizungumzia ni ya Kijapani, ya silinda mbili na ujazo wa sisi (cc) mia sita na ushei, iliyoingia nchini ikiwa imetumika na kupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kunifikia. Boda boda nyingi zinazotuzunguka hupozwa kwa hewa: mapezi yaliyoizunguka silinda hulitoa joto na kulikabidhi upepo, wala hakuna maji, pampu au rejeta ya kusumbua mtu. Yangu ina rejeta mbele ya injini, na nyuma ya rejeta hiyo kuna feni ndogo ya umeme inayopaswa kuanza yenyewe joto likizidi. Ndiyo maana mafundi hodari wa mjini, ambao wanaweza kuifungua na kuifunga injini ya boda boda huku wakibishana kuhusu siasa, huitazama rejeta ya pikipiki kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeletwa na mgeni.

Tatizo lilijitokeza Kisumu. Nilikuwa nimetoka Nakuru alfajiri, nikapanda Salgaa nyuma ya malori, nikavuka Mau Summit nikiwa nimejikunyata kwa baridi, nikapita Kericho katikati ya majani ya chai, kisha nikateremka hadi Awasi na Ahero ambako hewa hubadilika na kuwa nzito na yenye joto la uwanda wa Kano. Muda wote huo mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati, kana kwamba umebandikwa kwa gundi. Nilipofika Kondele na kunasa kwenye msongamano, mshale ukaanza kupanda. Magari yaliposogea, ukashuka. Yaliposimama, ukapanda tena, kila mara juu zaidi ya awali, mpaka ukagusa alama nyekundu nami nikaizima injini na kuisukuma pikipiki hadi kando ya barabara.

Hapo palikuwa na habari muhimu ambayo niliisoma vizuri, na nitajisifu kwa hilo kwa sababu mengine yote yanayofuata hayanisifu. Joto linalopanda mtu akiwa amesimama na kushuka akiwa mwendoni linasema kwamba pampu inazungusha kulanti (kimiminika cha kupozea injini), thamostati (kilango kinachoiruhusu kulanti ipite ikishapata joto) inafunguka na rejeta haijaziba. Kinachokosekana ni upepo tu, na anayeleta upepo pikipiki ikiwa imesimama ni feni. Lingekuwa linapanda nikiwa kasi kwenye barabara iliyo wazi, ningeiacha feni kabisa na kutafuta kulanti iliyopungua, thamostati iliyokwama au rejeta iliyojaa uchafu.

Kijana mmoja fundi, aliyekuwa na kisanduku cha vifaa chini ya mwavuli, alikuja bila kuitwa.

"Mzee, usifungue hicho kifuniko sasa, kitakuunguza uso," alisema, ingawa mkono wangu haukuwa umekikaribia. Ni ushauri ambao mimi pia huwapa watu, kwani kulanti iliyo chini ya mgandamizo hububujika mara kifuniko kinapolegea, na uso wa binadamu huwa karibu.

Alipiga magoti, akaitafuta swichi ya joto iliyokazwa ubavuni mwa rejeta, akauchomoa waya wake mmoja, akaniambia nifungue ufunguo wa injini, kisha akaugusisha waya ule kwenye bolti ya fremu. Feni ikavuma.

"Umeona? Feni nzima, fyuzi nzima, waya mzima. Swichi ndiyo imekufa."

Ili msomaji aone kwa nini maneno yale yalinishawishi, ni lazima nieleze njia ya umeme katika pikipiki hii, ambayo ni fupi kuliko ya pikipiki za siku hizi zinazotumia kompyuta na rilei. Umeme hutoka kwenye chanya ya betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi, huingia kwenye mota ya feni, hutoka humo kwa waya mmoja na kufika kwenye swichi ya joto. Swichi hiyo haina waya wa pili. Kiwiliwili chake cha shaba ndicho njia ya kutokea: joto likifika kiwango kilichowekwa, swichi hujifunga ndani, umeme hupita kwenye hesi zake hadi kwenye rejeta, na kutoka kwenye rejeta hurudi hasi ya betri. Kwa hiyo mtu akiuchomoa waya ule na kuugusisha kwenye fremu, anafanya kwa mkono kazi ambayo swichi ingeifanya kwa joto. Feni ikizunguka, vitu vyote vilivyo kabla ya swichi ni vizima. Kijana hakukosea neno lolote katika hilo, na nilimlipa kwa furaha. Aliufunga waya kwenye fremu kwa bolti, nikarudi Nakuru siku ya pili feni ikivuma safari nzima kama mashine ya kusaga, hata pale Mau Summit ambapo mshale wa joto ulilala chini kabisa na feni ilikuwa inaipoza injini iliyokuwa ikitamani blanketi.

Hiyo ni dawa ya njiani, haifai kukaa. Feni inayozunguka wakati wote huila betri injini ikiwa katika mwendo wa chini, huichakaza mota, na humfanya mtu asahau kwamba kuna kitu kimeharibika. Nikaagiza swichi mpya kutoka duka moja la vipuri Nairobi, kwa shilingi 4,200 pamoja na nauli ya basi, na nilipokuwa nikiisubiri nikaamua kuipima ile ya zamani, kwa kuwa nina kitabu cha mafundi cha pikipiki hiyo na sipendi kulipia mazishi ya mtu ambaye sijamwona maiti.

Kitabu kinaeleza kipimo kwa utaratibu. Swichi ichovywe hadi kwenye hesi zake ndani ya sufuria yenye kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Isiguse sufuria, wala kipimajoto kisiiguse. Joto lipandishwe polepole na kushikiliwa kwa dakika tatu kabla ya kusoma, kwa sababu joto linalopanda haraka hudanganya. Swichi inapaswa kuunga umeme kati ya nyuzi 98 na 102 za Selsiasi, na kuuachia joto likishuka kati ya nyuzi 97 na 93.

Nilifuata utaratibu huo isipokuwa katika mambo mawili. Kulanti ina bei, tena ni sumu, na mke wangu alishasema kwamba sufuria yoyote itakayoguswa na kitu hicho isirudi jikoni. Basi nikatumia maji ya bomba. La pili, sikuwa na kipimajoto nyumbani, nami nikajiambia kwamba maji yakichemka ni nyuzi 100, na nyuzi 100 zimo kati ya 98 na 102. Maji yakatokota, mita ikanyamaza, nikaitangaza swichi kuwa imekufa. Wiki mbili baadaye ikafika mpya, nikaichovya kwa uangalifu uleule, nayo ikanyamaza. Nilimpigia simu muuzaji kwa sauti ambayo leo ningependa aisahau.

Naomba sasa niseme kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa maabara katika shule ya upili hapa Nakuru, na wanafunzi huniita mwalimu ingawa si mwalimu. Kila mwaka hupanga meza za jaribio la kuchemsha maji, huwagawia wanafunzi vipimajoto vinavyofika nyuzi 110, kisha huzunguka nikiangalia wanachoandika. Kipimajoto kinasoma 94. Mwanafunzi anakitazama, anamtazama jirani yake, anakumbuka kwamba kitabu kilisema 100, na anaandika 100. Wengine huandika 99, wakidhani kwamba kupunguza moja ni dalili ya uaminifu. Nimewacheka kwa miaka mingi, na nimewaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwamba huku juu hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwamba kiwango cha kuchemka hupungua kwa karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 mtu anazopanda. Kisha nikarudi nyumbani, nikachemsha maji bila kipimajoto, nikaandika 100 kichwani mwangu kama wao.

Pale juu ya ndoo ndipo jambo hili liliponijia, kwa njia ya aibu kuliko ya furaha. Kesho yake nilikuja na kipimajoto cha maabara ndani ya soksi, nikachemsha tena. Nyuzi 94, na haikupanda hata nilipoufungua moto wote. Maji yaliendelea tu kugeuka mvuke. Swichi isiyojifunga kabla ya nyuzi 98 ingeweza kukaa humo mpaka Krismasi. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji yangefika nyuzi 96 na jibu lingekuwa lilelile la uongo. Mombasa pekee, kati ya miji ninayoijua vizuri, sufuria ya maji matupu ingeweza kunipa jibu, nami nisingejua kwamba nimebahatika.

Huenda mtu akauliza jinsi swichi ya namna hiyo inavyofanya kazi ndani ya pikipiki inayoishi Nakuru. Inafanya kazi kwa sababu mle ndani si sufuria iliyo wazi. Kifuniko cha rejeta kina springi inayozuia mvuke kutoka mpaka mgandamizo upite kiwango fulani, ambacho kwa pikipiki nyingi ni kama bari 1.1 juu ya mgandamizo wa hewa ya nje, na maji yaliyobanwa kiasi hicho huvuka nyuzi 100 kwa urahisi bila kutokota. Ni hesabu ileile ya sufuria ya presha, ambayo huku kwetu si anasa. Mama mkwe wangu, ambaye ni wa Ahero, kila akija kututembelea hulalamika kwamba maharagwe ya Nakuru ni magumu, na hakuna anayemwambia kwamba magumu ni maji. Kulanti nayo huongeza kidogo: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka karibu nyuzi 107 usawa wa bahari, hata bila kifuniko.

Ukiitazama namba hiyo ya mwisho kwa makini utaona kwamba hata kipimo cha kitabu, kikifanywa Nakuru, kiko ukingoni. Toa nyuzi sita kutoka 107, unabaki na 101, na swichi nzima inaruhusiwa kungoja mpaka 102. Basi nikaachana na maji ya aina zote. Nilimwomba mke wangu mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaanga mandazi mara kadhaa, ambayo alikuwa karibu kuyamwaga, nikayatia kwenye mkebe mtupu wa rangi, nikauweka juu ya meko nje, mbali na watoto. Mafuta huvuka nyuzi 100 bila kelele yoyote, na hapo ndipo yanapohitaji heshima: hayatoi mvuke wa kukuonya, huunguza vibaya kuliko maji, na tone moja la maji likiangukia ndani hurusha cheche za mafuta. Nilivaa miwani na glavu za pikipiki, nikaipandisha joto kama mtu anayepika uji wa mgonjwa.

Kwenye nyuzi 98 mita ikalia kwa swichi mpya. Ile ya zamani, iliyokuwa imeshatangazwa kufa mara mbili, ililia kwenye 99. Nilizima moto na kusubiri. Zote mbili zilinyamaza joto lilipokuwa limeshuka hadi nyuzi 95. Sijawahi kufurahishwa na mlio wa mita kiasi hicho, na furaha hiyo ilidumu kama dakika tano, mpaka nilipotambua maana yake. Ikiwa swichi ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo, basi nilikuwa nimetumia wiki tatu na shilingi 4,200 kuthibitisha kwamba sijui kilichoharibika.

Niliirudisha swichi ya zamani mahali pake, nikajaza kulanti, nikaiacha injini iwake ikiwa na kifuniko wazi tangu ilipokuwa baridi, nikiitikisa pikipiki kushoto na kulia ili hewa iliyonaswa itoke, kwa kuwa swichi iliyozungukwa na kiputo cha hewa haihisi joto la kulanti na humpeleka fundi mbali na ukweli. Viputo vilipoisha nikajazia tena na kukifunga kifuniko. Mshale ukapanda mpaka karibu na nyekundu. Feni kimya.

Kwa hiyo feni ilikuwa nzima, fyuzi nzima, waya mzima, swichi nzima, na bado hakuna kilichozunguka. Nilichora njia ya umeme kwenye karatasi, nikaipitia kwa kalamu kutoka chanya hadi hasi, nikiweka alama kila sehemu niliyoithibitisha. Kalamu ilipofika kwenye hesi za swichi na kuingia kwenye rejeta, ilikosa alama. Kule Kondele waya ulikuwa umegusishwa kwenye fremu. Swichi haigusi fremu. Swichi inagusa rejeta, na rejeta ya pikipiki hii hukaa juu ya mipira inayozuia mtikisiko, ikiwa na vikola, yaani pete za chuma, ndani yake, kiasi kwamba bolti zinazoishikilia hazigusi aluminiamu yake hata kidogo. Kinachoiunganisha rejeta na hasi ya betri ni waya mmoja mfupi wa kijani, wa ethi, uliofungwa kwa bolti ndogo kwenye sikio la rejeta upande wa kulia. Kipimo cha yule kijana, ambacho mimi pia nilikirudia mara mbili nyumbani, kilikuwa kinauruka waya huo kila mara.

Niliuchukua waya wa swichi, nikaufungua ufunguo, nikaugusisha kwenye fremu: feni ikavuma. Nikausogeza sentimita chache hadi kwenye rejeta yenyewe, mahali nilipokwangua kwa ncha ya kisu: kimya. Nikauacha hapo kwenye rejeta, nikaweka ncha moja ya mita kwenye aluminiamu ileile na nyingine kwenye hasi ya betri. Rejeta, ambayo ingepaswa kusoma karibu sifuri, ilisoma volti 12. Umeme wote ulikuwa umefika mpaka hapo na kukosa pa kutokea.

Nilipoifungua bolti ya waya wa kijani nikakuta chini yake rangi nyeusi, laini, nzito, iliyopakwa kwa mikono isiyo na haraka. Miezi minne kabla ya safari ile rejeta ilikuwa imetoboka kwa jiwe kwenye barabara ya vumbi, nami nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea aluminiamu hapa mjini, ambaye baada ya kuiziba aliipaka rangi bila kulipwa zaidi, kwa ukarimu, ikiwemo sikio la ethi na tundu lake. Tangu siku hiyo feni haikuwahi kuanza, nami sikujua, kwa sababu kati ya Lanet na shuleni hakuna msongamano wa kutosha kuichemsha injini, na baridi ya asubuhi za Nakuru hulipia makosa mengi.

Matengenezo yalichukua muda mfupi kuliko kuyasimulia. Nilipiga msasa sikio mpaka aluminiamu ikang'aa, nikapiga msasa ncha ya waya, nikaweka washa, ile pete ya chini ya bolti, yenye meno yanayojichimbia kwenye chuma, nikakaza, kisha nikapaka grisi kwa juu ili maji ya kuoshea yasilete kutu. Niliiwasha injini, nikaketi juu ya ndoo ileile. Mshale ulivuka katikati, ukakaribia pale nilipozoea kuingiwa na hofu, na feni ikaanza. Ilizunguka kwa dakika moja na nusu, ikazima. Baada ya dakika kama tatu ikaanza tena. Niliiacha ifanye hivyo mara nne, ingawa mara mbili zingetosha, kisha nikampigia simu muuzaji wa Nairobi kumwomba radhi. Aliipokea radhi, akakataa kuipokea tena swichi.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea fundi wa kuchomelea ile bolti na ile washa ya zamani iliyoganda rangi, nikamweleza yote kuhusu njia ya umeme, mipira na waya wa kijani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na kinyago chake kimeinuliwa juu ya kichwa, akaigeuzageuza bolti ile kwenye mwanga.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Lakini rangi ilitoka vizuri."

Ilikuwa imetoka vizuri kweli. Ilinichukua karatasi tatu za msasa.